Mgongo wa Mkwe Hotelini

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata wajukuu wangu wanalijua hilo. Lakini hoteli ile ya Kasongo, mbele ya soko, ingemkasirisha hata padri.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa bado bibi arusi. Mama yangu alikuja kutoka Kabambare juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope, na moyoni ana neno moja: kunirudisha nyumbani. Watu walikuwa wamemjaza maneno kwamba mume wangu, kwa vile anashona nguo mjini na kuvaa viatu, ameshasahau heshima ya ukwe. "Mutu asiyeheshimu mama mukwe hataheshimu binti yake," aliniambia hata maji hajanywa. Angemtazama mpaka lori lirudi, kisha aamue. Nami nilimpenda mume wangu, nasema wazi, sikutaka kwenda popote.

Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama wa mke wake. Hamtazami usoni, wala hamwambii neno. Kila neno linapitia kwa mke. Sasa nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, mama akila ndani, mume wangu anakula kwa jirani kama mtu aliyefukuzwa. Basi akapata akili: Jumapili baada ya misa atupeleke hotelini, mama akae kwenye meza yenye kitambaa, na yeye akae meza ya nyuma, atupe mgongo. Nilimsifu sana. Laiti ningejua!

Tulikaa hivyo hivyo. Garsoni, mhudumu mrefu mwenye koti jeupe lisilo na vifungo, akampita mama yangu kama anapita kiti, akaenda kwa mume wangu. Maji ya kunawa hakuna. Hata jambo hakutuambia.

"Anza na wale," mume wangu akamwambia.

"Iko inakuja, baba, iko inakuja."

Ikaja sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeshapoa, akaiweka kwa mume wangu. Nikainuka kuichukua. Ikaja bukari, ugali wetu, akaiweka kwa mume wangu. Nikainuka tena.

"Aka! Wewe macho huna?"

"Mama, kwanza baba."

"Na kuku tuliyoagiza iko wapi?"

"Subira huvuta heri."

"Heri gani, na sombe imeshaganda!"

Watu wa meza zingine wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama mgongo wa mume wangu, ule mgongo tu, nami nilijua anampima.

Tukangoja kuku mpaka waliokuja nyuma yetu wakala, wakajifuta mikono, wakaondoka. Garsoni akapita, akatutazama, akamtazama mume wangu kule peke yake, akatikisa kichwa. Sijui yule mtu alizaliwa wapi! Alidhani tumegombana. Akasema kwa sauti, hoteli nzima isikie, "Baba, ugomvi wa nyumbani hauletwi mezani. Geuka, ukule na mama zako." Akashika kiti, mume wangu akiwa juu yake, akakigeuza mpaka uso wake ukaelekea uso wa mama yangu.

Yoo, mama wee! Nilitaka ardhi inimeze.

Mume wangu akafunika macho kwa mikono yote miwili. Akashuka kwenye kiti, akaketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake nyeupe ya Jumapili aliyoishona mwenyewe, akaelekea ukuta. Watu wakapiga makofi kwa kicheko. Hakugeuka. Akasema polepole, "Muke wangu, umwambie mama anisamehe. Nilitaka akule vizuri."

Nilipeleka neno hilo huku nalia kwa hasira. Ndipo kuku ikaja, na yule mpumbavu akaiweka wapi? Kwenye meza tupu ya mume wangu!

Nikainuka kwa mara nyingine. Mama akanishika mkono. "Kaa."

Akaenda mwenyewe. Akaomba maji, akayapata upesi sana, akainama akayaweka sakafuni, na sahani ya kuku pembeni yake. Mbele ya mkwe! Kwetu mama mkwe hakupi chakula kwa mkono wake mpaka miaka ipite na mbuzi achinjwe. Siku anapokupa, mwiko umekwisha.

"Mukwe wangu," alisema, "geuka, unawe, ukule."

Akageuka. Alikula akilia, na mama akasimama palepale anamfukuzia nzi. Garsoni akanikonyeza, eti, umeona? Almanusra nimzabe kofi.

Tulipokuwa tunaondoka nikamwuliza mama kwa sauti ndogo, "Nifunge vitu vyangu?"

"Funga hiyo nyama iliyobaki," akasema. "Mukwe wangu atakula tena jioni."