Namba ya Kesho ya Wendell

Asubuhi ile niliondoka nyumbani Beechmont, kusini mwa Louisville, bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimetoka zamu ya ghalani alfajiri, na badala ya kulala kama wenzangu nikapanda basi la mjini, nikakaa mpaka dereva akaniambia safari imeishia hapo. Ndivyo nilivyokuwa tangu utotoni, katika kambi ya Tanzania tulikokulia sisi Warundi. Shule niliiacha mapema, na wala haikuwa kwa sababu ya ada. Darasa letu lilikuwa na dirisha, na mimi kila kilichopita nje nilitaka kujua kinakwenda wapi.

Niliposhuka nikasikia mlio mkavu wa mti ukigonga kitu, kisha watu wachache wakashangilia. Nikaufuata mlio mpaka uwanja wa besiboli ulio karibu na mto. Ilikuwa mchana wa siku ya kazi, viti vingi vitupu. Nikanunua tiketi ya chini kabisa, nikawa nasogea kidogo kidogo mpaka nikafika nyuma ya wavu, pale mpigaji anaposimama, kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Hapo alikuwa ameketi mzee mmoja Mmarekani mwenye kofia ya ukili na stopwochi mkononi. Nikamuuliza anapima nini. Akaniambia. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia tena. Nikaendelea kuuliza mpaka akanigeukia.

“Wewe ni polisi?”

“Hapana, Mzee.”

“Basi una leseni ya kuendesha gari?”

Huo ndio uliokuwa usaili wangu. Mzee Harlan alikuwa skauti. Nyinyi vijana mkisikia skauti mnafikiria watoto wa shule wenye skafu shingoni, lakini huyu alikuwa msaka vipaji, aliyelipwa na timu moja ya ligi kuu kwenda kutazama wachezaji wa timu nyingine na kusema nani anafaa. Jicho lake moja lilikuwa limekufa. La pili lilimtosha kuuona mpira, ila daktari alikuwa amemkataza kushika usukani. Jioni ile nilimwendesha hadi hotelini kwake. Ghalani sikurudi tena.

Mama Furaha, Mkongo wa milima ya Kivu ambaye nilikuwa napanga chumba kwake, hakuielewa kazi hiyo, na nadhani hata mwisho hakuielewa. Yeye alikuwa akitunza wazee wasiojiweza, kazi ya kuinua na kugeuza watu mchana kutwa.

“Donc, banakulipa juu ya kuangaliya batu benye kucheza?” aliniuliza huku akisonga ugali. “Bon, ndugu Yona. Na miye unitafutiye iyo kazi. Nitaangaliya sana.”

Binti yake akamjibu kwa Kiingereza kwamba hata yeye angeitaka. Tukacheka wote.

Lakini ilikuwa kazi. Skauti hufika uwanjani saa nyingi kabla ya mchezo, wakati wachezaji wanapiga mipira ya mazoezi, kwa sababu mazoezini mtu hujisahau. Huketi nyuma ya wavu. Hapigi makofi, hashangilii, na wala hamtaji anayemtazama, kwa kuwa viti vya jirani vimejaa maskauti wa timu nyingine walioinama vivyo hivyo. Tena hazungumzi kamwe na mchezaji aliye chini ya mkataba wa watu wengine. Hilo ni kosa kubwa. Unaweza kumtazama kijana msimu mzima, ukajua anavyofunga kamba za viatu na anavyomtazama mwamuzi akikasirika, na usiwahi kumwambia habari za asubuhi.

Kila kipaji cha mchezaji, kama mbio, nguvu au kugusa mpira, hupewa namba. Namba hizo zinaanzia ishirini na kuishia themanini, na hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Sikuelewa kwa nini zisianzie moja. Mzee Harlan naye hakujua. Alisema alizikuta hivyo. Jambo la kushika ni kwamba kila kipaji hupewa namba mbili: ya leo na ya kesho. Ya leo ni kile unachokiona. Ya kesho ni kile unachoamini mtu huyo atakuwa.

“Ya leo ni macho,” alinifundisha. “Ya kesho ni imani. Na mtu akishapita miaka ishirini na mitano, imani yangu huwa fupi.”

Louisville ndiko nilikomwona Wendell mara ya kwanza, timu yake ilipokuja kucheza ugenini. Ligi ile ni ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, na wapo wanaoning’inia hapo mpaka nywele zinawatoka. Wendell alicheza besi ya kwanza, yaani alilinda kile kifuko cheupe cha kwanza ambacho mpigaji lazima akikimbilie. Alikuwa ameshavuka umri ambao imani ya Mzee huwa ndefu. Kijana mtulivu, mwenye mikono mirefu, aliyepiga kwa mkono wa kushoto.

Kipaji chake kilikuwa kugusa mpira. Mrushaji hurusha kwa kasi ya kutisha, na wapigaji wengi huzungusha mti, lile gongo la kupigia, wakaambulia hewa. Wendell hakukosa. Mpira wa juu aliupeleka kushoto, wa chini aliupeleka katikati, na ule unaopinda dakika ya mwisho aliungoja upinde, kisha akausukuma mahali pasipo na mtu. Kazi ile aliifanya bila nguvu, kama mama anayepepeta mchele, kila punje inaangukia anapotaka. Mimi niliyekuwa na maswali kwa kila kitu, kwa Wendell nilinyamaza.

Shida ilikuwa besi ya kwanza yenyewe. Mahali hapo hapahitaji kukimbia sana, kwa hiyo timu huweka mtu mnene mwenye mabavu, anayepiga mpira ukavuka ukuta. Mgusaji mzuri anayecheza pale ni kama fundi cherehani aliyeajiriwa kubeba magunia. Juu yake, katika timu mama ya ligi kuu iliyommiliki, besi hiyo ilikuwa na nyota aliyesaini mkataba mrefu. Wendell angeweza kupiga vizuri mpaka mwisho wa dunia, na bado asingepanda. Maskauti wote walilijua hilo. Ni timu nyingine tu ingeweza kumtoa pale, na mkataba wake ulikuwa ukielekea ukingoni. Asipochukuliwa mwaka ule, angerudi kwao akauze bima na baba yake.

Tulimfuata Columbus. Mzee alilala hoteli ya Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, nami nikalala kwa Warundi wenzangu wa kambini, huko Westerville. Tulimtazama mchezo baada ya mchezo. Siku ya mwisho, tukiwa garini nje ya hoteli, simu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi wa Wachezaji wa timu yetu, mtu wa sauti ya upole ambaye sikuwahi kuonana naye ana kwa ana. Mzee aliweka sauti wazi kwa kuwa alizoea nimsaidie kukumbuka.

Mkurugenzi alisema ameisoma ripoti na ameipenda. Tatizo ni nguvu. Mzee alikuwa ameandika nguvu za leo thelathini na tano, na za kesho thelathini na tano vilevile.

“Harlan, nina nafasi moja tu. Nikipeleka besi ya kwanza mwenye thelathini na tano ya kesho, wenzangu watanicheka. Kijana ana mikono mirefu. Hawezi kujifunza kuinua mpira?”

Mzee alinitazama kwa jicho lile moja. Nilijua anachofikiria, kwa kuwa na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho: bima, na mikono ile ikijaza fomu.

“Anaweza kujifunza,” alisema Mzee. “Andika hamsini.”

Alirudisha simu mfukoni. Kisha akaniomba nimpeleke mahali pa kunywa chai. Kosa hili hulifanya skauti pekee, tena skauti mwema. Mtu asiyempenda mchezaji hana sababu ya kumwongezea kesho yake.

Nikarudi Beechmont nikingoja habari. Jumapili, baada ya ibada, watu wa Mama Furaha walikusanyika sebuleni kuombea mahitaji. Nikasema kuna kijana mmoja nataka aombewe kazi.

“Jina lake?” akauliza Mama Furaha.

Nikasema siwezi kulitaja, ni sheria ya kazi yetu.

“Bon. Tutamuombeya namna gani? Mungu hapana mutu wa kubahatisha, ndugu Yona. Umupe jina, ao umupe na wewe stopwochi.”

Nikainama nikamnong’oneza. Akaliomba kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi, Wendeli, Wendeli, na sebule nzima ikaitikia amina. Wiki ile ile timu hizo mbili zikabadilishana wachezaji, na Wendell akawa wetu. Mama Furaha aliwatangazia majirani wote kwamba ni yeye aliyempatia Mmarekani kazi.

Hatukumwona tena mpaka kiangazi kilichofuata, pale timu yetu ya ngazi ile ilipokwenda Buffalo. Tulifika mapema kama desturi. Upepo ulitoka ziwani, bendera zimekakamaa. Wendell aliposimama kwenye mazoezi sikumtambua, nikamuuliza Mzee ni nani yule.

Alikuwa amenenepa mabega. Mguu wa mbele aliunyanyua juu kabla ya kupiga, na mti aliuzungusha kutoka chini kwenda mbinguni, kama mtu anayetupa nyasi juu ya paa. Mazoezini, mrushaji akiwa kocha anayemhurumia, mpira mmoja mmoja ulivuka ukuta, na kocha wa upigaji akashangilia. Kwenye mchezo ilikuwa habari nyingine. Ule mpira unaopinda hakuungoja tena. Alizungusha, akakosa. Akazungusha, akakosa. Alioupata ulipanda juu sana, ukashukia glavuni kwa mtu aliyeungoja amesimama.

Kesho yake alitujia penye uzio. Sasa alikuwa mtu wetu, tuliruhusiwa kuzungumza naye. Alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza niliyosikia sauti yake, na ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani.

“Wameniambia wewe ndiye uliyenisemea, bwana. Nilitaka kukushukuru.”

Mzee aliushika ule uzio kwa vidole.

“Sikiliza, mwanangu. Leo piga kama ulivyokuwa unapiga Louisville.”

Wendell alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayezungumza na babu yake.

“Yule hakuna aliyemtaka, bwana. Yule alikaa ngazi hii miaka yote. Nyinyi mmemtaka huyu.” Akajipiga kifuani kidogo. “Huyu anakuja. Nipeni muda tu.”

Muda haukuwepo. Kabla timu haijaondoka Buffalo meneja alimwita ofisini, na alipotoka alikuwa na begi lake. Alitupita kwenye maegesho, akatupungia mkono. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba alijaribu kurudia upigaji wake wa zamani, kwa siri, kwenye mashine ya mazoezi, na mikono ikakataa. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Mzee Harlan aliacha kazi msimu huo. Alikwenda kuishi na dada yake, na tulipoagana aliniambia neno moja tu kuhusu Wendell: kwamba angemwachia thelathini na tano yake, leo kijana angekuwa anauza bima akijua kwamba hata mwisho hakukosa mpira. Mkurugenzi alinipigia nikiwa bado Buffalo, akanipa kiti cha Mzee. Hakuwa mtu mbaya. Alisema nina macho, na kwamba habari ya Wendell inamuuma. Nilimuuliza kama naweza kuandika ripoti za namba moja tu, ya leo. Akacheka taratibu, akasema basi hiyo itakuwa kazi ya mpiga picha.

Baada ya hapo nimefanya kazi nyingine nyingi, viwandani na barabarani, na sasa nimestaafu hata kuhamahama, magoti yamekataa. Vijana hunijia wakiuliza jinsi ya kuingia katika kazi za michezo. Nawafundisha nilichofundishwa: fika mapema, nyamaza, tazama mikono kabla ya kutazama mpira. Wakiuliza jinsi ya kukadiria kesho ya mtu, nawaambia sijui. Wengine huniona mchoyo.

Siku nilipokataa kile kiti niliwasha gari nikaondoka Buffalo, nikafuata ufuo wa ziwa bila ramani. Jua likiwa bado juu nikafika mji mdogo ambao nilikuwa sijausikia, nikaona kibao cha chumba cha kupanga. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye aproni iliyojaa unga, alinipandisha ghorofani kwenye chumba kizuri, akafungua pazia kwa fahari. Chini kulikuwa na kiwanja, na watu wa mji wametoka kazini wanacheza besiboli na buti zao, wanakosa na kucheka. Mmoja aligusa mpira vizuri sana. Nilijikuta mkono umeingia mfukoni kutafuta stopwochi.

Mama akaniuliza kama kelele zitanisumbua. Nikamwambia hapana, ni kelele nzuri, ila kama ana chumba cha upande wa pili ningeshukuru. Akasema kipo, lakini kinatazama ukuta. Nikachukua mfuko wangu nikamfuata.