Jembe la Kutembelea

Nesi wa kliniki ya sukari aliniambia nitembee nusu saa kila siku bila kusimama. Sukari isiposhuka mpaka mwisho wa mwezi, tunaanza sindano. Mimi naogopa sindano kuliko kaburi, na "bila kusimama" niliichukua kama ilivyo. Nikisimama, naanza kuhesabu upya, dakika ya kwanza.

Ujiji huwezi kutembea hivyo. Shikamoo moja inazaa mama hajambo, na shangazi yule wa Mwandiga, na mbona umekonda. Siku moja nilizunguka saa mbili nzima, dakika zangu hazikuvuka tisa.

Nikapata dawa: jembe. Mwenye jembe begani anawahi shamba, hasimamishwi. Kosa langu, nililibeba baada ya swala ya alasiri, bado nina kanzu na kofia.

Wazee waliokuwa wakicheza bao waliinuka bila kuuliza. Fundi cherehani akaacha suruali ya watu kwenye mashine. Nyuma yangu mtu akasema, "Tuwahi, wasije wakafukia bila sisi." Nilijua wanachodhani. Nakiri. Lakini nilikuwa dakika ya kumi na nane, sijawahi kufika huko, na njia ya makaburini ndiyo yenye kivuli.

Tulifika kama watu ishirini. Shimo hakuna. Nikaanza kuyazunguka makaburi, nao nyuma.

"Kijana, tunamzika nani?" aliuliza mzee mmoja wa bao, anahema.

"Shikamoo, mzee. Bado dakika tatu."

"Maiti yuko njiani?"

"Ni mazoezi, mzee. Nina sukari."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Alinishika kanzu, akanisimamisha dakika ya ishirini na tisa. Nilitaka kulia.

"Hata mimi ninayo," alisema. "Mbona sijaua mtu?"

Kesho yake nilimkuta ananisubiri barazani kwake na bakora. "Maiti, umechelewa. Na hilo jembe rudisha."

Sasa salamu tunazimaliza tukitembea. Akichoka anasimama, nami inabidi nisimame. Anasema nesi huyohuyo alimwambia apumzike. Jana alisimama mara tatu. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani, nikajizuia nisitoke tena kuanza upya. Asubuhi nilipojipima, sukari ilikuwa imeshuka kidogo. Nikapima tena, kuhakikisha. Kliniki ni Alhamisi, na mzee amesema twende wote, kwa miguu.