Kondoo wa Mama Mkwe

Kambi ninayopikia iko mbele ya Magu ukitoka Mwanza, katikati ya mbuga na ziwa, na mwenye nayo ni mzee wa Kimaasai. Majirani zangu wa Kiseke bado hawaamini. Mmaasai na ziwa wapi na wapi? Huwa nawajibu kwamba alifuata malisho kama walivyofanya wengine wote, ila yeye akaongeza mahema.

Mzee hakuweka uzio. Alikaa msimu mzima akitazama tembo wanapita wapi kwenda kunywa maji, ndipo akasimamisha mahema pembeni ya njia yao. Ng'ombe wake wanalala kwenye boma la miiba nyuma ya kambi, na mgeni akitaka kujifunza kukamua, anaitwa alfajiri bila kubembelezwa. Nyama ya porini mzee hataki hata kuisikia. Samaki naye hamli. Mimi ni Msukuma, na siku ya kwanza aliniambia ng'ombe wote wa Usukuma tuliwachukua kwao. Nikamwambia basi aje awachukue, akianzia na wa shemeji zangu, maana hao ni wakali. Alicheka mpaka akashika kiuno, na kazi nikaipata.

Katika wanaotembeza wageni yumo kijana wake, mtoto wa ndugu yake. Huyo nilimpenda mapema, sifichi. Mimi nimezaa wasichana watupu, na mume wangu alifariki wakiwa wadogo, kwa hiyo mwanamume wa kula mezani kwangu nilikuwa nimemsahau. Kila asubuhi kijana alikuja mlango wa jikoni, akainamisha kichwa nikiguse, kama wanavyosalimiwa wadogo kwao. Mchana akirudi kutoka mbugani alikaa juu ya kreti la soda, hapo hapo jikoni, akala. Wafanyakazi tulikuwa tunajipikia sato nyuma ya stoo, kwa heshima ya mzee. Mwanzoni kijana alijifunika pua na shuka. Baadaye akaanza kuuliza, "Mama, kile kitu cha ziwa leo hakipo?" Nikawa namwekea upande wa tumbo, ambao hauna miiba mingi.

Mwanangu mkubwa ni fundi cherehani, ana kibanda Igoma. Mzee alimwita aje kushona mapazia ya mahema. Kazi ya wiki moja aliivuta ikawa mwezi, mimi nikadhani turubai ni gumu. Kumbe turubai halikuwa na neno.

Yeye na kijana walipokuja kuniambia wanataka kuoana, nilifurahi na nikaumia palepale. Kwetu mama mkwe na mkwe hawali pamoja. Hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anapisha. Nilimuuliza mzee kwao ikoje, nikitumaini wenzetu wana unafuu.

"Ni vilevile," akasema. "Atakuwa mkweo. Hawezi kutafuna mbele yako."

"Na jikoni kwangu je?"

"Jikoni kwako ndiyo mbele yako, mama."

Mambo ya mahari waliyashika wanaume. Shemeji zangu walikaa na mzee, wakabishana ng'ombe, wakaelewana. Mimi sikuitwa, na hakuna aliyenieleza habari ya kondoo. Niliambiwa tu kwamba wazee wa kijana watakuja siku yoyote kunisalimia, na kwamba kuanzia siku hiyo ukwe umeanza. Nikaendelea kupakua chakula na kusubiri.

Asubuhi ile nyama ilikuwa imeisha. Jana yake nilikuwa nimemkumbusha mzee kwamba wageni ni wengi, akaitikia, kisha akaenda zake Magu kununua sukari. Kulipopambazuka nikakuta kondoo amefungwa kwenye mti nyuma ya jiko, mahali pale pale wanapofungwa mbuzi wa kuchinjwa. Alikuwa mnene ajabu, mkia umejaa mafuta hadi unatikisika. Nikasema moyoni, leo mzee amejitahidi. Mwenzangu wa jikoni akamchinja, tukamkatakata, nyingine tukachoma, nyingine nikaunga na nazi kidogo niliyokuwa nimeiweka. Hadi saa sita harufu ilikuwa imefika kwenye mahema.

Wageni walirudi, wakala, wakaomba tena. Kijana naye akaja na njaa yake ya kila siku. Nikampa bakuli limejaa, akakaa kwenye kreti lake akala.

"Mama, leo umepatia," akasema. "Huyu kondoo wa wapi?"

"Wa baba yako."

Alilamba vidole, akaondoka kwenda kuosha gari.

Alasiri mzee akaingia na wazee wawili wa kwao, wamevaa shuka mpya, fimbo mkononi. Nikaweka maji ya chai. Mzee alizunguka nyuma ya jiko, akarudi, akazunguka tena.

"Mama, kuna kondoo alifungwa hapa."

"Nimempika."

Akatazama ngozi iliyoanikwa juu ya kuni, kisha akawatafsiria wenzake. Mmoja akakaa chini kama mtu aliyepewa habari za msiba. Ndipo nikaelezwa: kwao mama mkwe hupewa kondoo, na akishampokea, mkwe humwita kwa jina la huyo kondoo, pakerr, yaani wa kondoo, maisha yote. Jina lingine halitajwi tena. Kondoo huyo aliletwa na mchungaji alfajiri, amngoje mzee aje na wenzake wanikabidhi. Na mimi nilikuwa nimewalisha nyama yake wageni waliokuja kutazama simba.

Yule aliyekaa chini alikuwa akisema kwa ukali. Sikuhitaji kutafsiriwa. Anayejua kusoma uso wa mzee aliyekasirika anajua pia harusi inavyovunjika. Nilimfikiria mwanangu kule Igoma, ameshakata kitambaa cha gauni lake mwenyewe.

Mzee akanigeukia. "Kijana amekula?"

"Amekula."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu. Hapo kwenye kreti."

Wakatoka, wakasimama karibu na boma, wakazungumza mpaka chai ikapoa. Mimi nilishika ufagio nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Niliogopa kweli.

Mzee alirudi peke yake. "Kondoo hakukabidhiwa," akasema. "Kwa hiyo leo hujawa mkwe wa mtu, na yeye amekula kwa mama wa jikoni. Hakuna kilichoharibika. Kesho ataletwa mwingine." Akatazama ngozi. "Huyo usimpike."

Kondoo wa pili akaja kesho yake, mwembamba kidogo. Nilipokea kamba. Kijana alisimama mbali, karibu na magari, macho chini, akaniita pakerr. Nikaitika. Kichwa hakukiinamisha, wala mimi sikunyoosha mkono.

Sasa wameoana, wana chumba chao Igoma, na mwanangu amenenepa. Sahani ya mkwe wangu naipakua mwenyewe, upande wa tumbo, halafu mwenzangu anampelekea nyuma ya stoo. Inarudi imesafishwa. Kondoo wangu amezaa, na mzee ananitania kwamba nimeanza kuwa Mmaasai. Kazi inaendelea vizuri, sina ninachodai.

Ila ile siku ya kondoo wa kwanza huwa inanirudia nikiwa jikoni. Niliwaambia wazee kijana amekula mbele yangu, na ni kweli, tulikuwa chumba kimoja. Lakini nilikuwa na mchele wa jioni wa kuchambua, nikampa mgongo. Ningejua, ningeuacha mchele, nikavuta kigoda, nikamtazama mpaka amalize.