Usiinue Kichwa

Kutoka Moshi hadi Kasulu ni safari ya kuchosha mifupa. Basi liliharibika Kibondo, tukalala stendi, mimi nimekumbatia fimbo moja ya gofu niliyoifunga kwenye kanga ya marehemu mama. Abiria mwenzangu aliuliza kama ni bakora. Nikasema ndiyo. Kueleza kungechukua usiku mzima.

Nilipomaliza kidato cha nne nilibeba mifuko ya wachezaji wa gofu Moshi, kisha nikaanza kuzurura: Tanga, Mbeya, Tunduma, popote penye lori la kuendesha. Kasulu nilikuja kwa mkataba wa kuendesha lori la mahindi ya kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Nikiwa huko, kiwanja changu cha zamani cha gofu kikanitumia ujumbe kwenye simu: wanatafuta mwalimu msaidizi, majaribio ni baada ya mvua. Mkono wangu ulikuwa mzuri. Kilichonishinda ni kichwa. Mtu akikohoa tu, nilikuwa nainua macho kabla sijamaliza kupiga, na mpira unapita kando ya shimo.

Nyuma ya chumba nilichopanga nilisawazisha kipande cha ardhi nyekundu, nikamwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya lori, kama wafanyavyo kwenye viwanja visivyo na maji ya kumwagilia nyasi. Shimo lilikuwa kopo la maziwa ya unga nililolifukia. Hapo ndipo mpangaji mwenzangu, mwalimu wa chekechea aliyezaliwa Nyakitonto, aliponikuta nimeinama.

"Mwidiwe, mtu wa Moshi!" akanisalimu kwa Kiha. "Umepoteza sindano?"

Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema watoto wake wa darasani hawajui kunyamaza, naye huwafundisha humo humo. Akajiteua kuwa kelele yangu. Tukawekeana sharti: nikiinama, yeye aseme lolote; mimi nisijibu wala nisiinue kichwa mpaka kopo lilie.

Ikawa kazi yetu ya jioni. "Lori lako hilo linaondoka!" Nikageuka. "Nyoka, mguu wa kushoto!" Nikaruka. Yeye anapiga makofi.

"Kwa kichwa hiki, kazi utaipata lini, wewe? Utanioa uzeeni?"

La kuoana tulikuwa tumeshalisema, kwa mzaha na bila mzaha. Nikipata kazi Moshi, ningekwenda kwao kujitambulisha.

Polepole nikajifunza. Natoa pumzi kabla ya kupiga. Naangalia alama moja tu kwenye mpira, na mpira ukishaondoka naendelea kuangalia mchanga pale ulipokuwa. Sauti yake ikawa kama mvua juu ya bati: naisikia, hainihusu.

Jioni moja nimeinama, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, "Nyumbani wameleta barua ya posa. Mtu wa Makere, ana duka. Baba anataka jibu Jumamosi. Sema neno, nami nitakataa."

Nikatoa pumzi. Nikapiga. Kopo likalia.

"Umeona?" nikamwambia huku nacheka. "Hata hilo halikunitikisa!"

"Nimeona," akasema. "Sasa umeweza." Akaingia ndani kuinjika maharage.

Kesho yake nilitumwa safari na lori. Niliporudi Jumapili nilimkuta mlangoni anafunga godoro kwa kamba, na shangazi yake akimsaidia. Ndipo nilipojua haukuwa mzaha.

"Kwa nini hukungoja niinue kichwa?" nikamuuliza.

"Niliogopa. Ulipokuwa umeinama ilikuwa rahisi kusema. Halafu ukainua, na ulikuwa unacheka."

"Mwambie baba airudishe ile barua."

"Baba ameshakunywa pombe yao, posa imepita," shangazi akajibu kwa niaba yake. Yeye alikuwa ameugeukia ukuta.

Majaribio sikwenda. Nilimaliza mkataba wa lori, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya, na mvua zikaisha nikiwa bado Kasulu.

Asubuhi ya kuondoka Kasulu nilikuta kopo limeng'olewa. Mama mwenye nyumba alikuwa analitumia kupimia karanga. Hata hivyo niliweka mpira mbele ya tundu lililobaki, nikainama. Hakuna aliyesema kitu. Kimya nilichokuwa nakitamani tangu Moshi kilikuwepo. Nikapiga.

"Mwanangu!" mama mwenye nyumba akaita kutoka uani. "Basi la Kibondo hilo linapiga honi!"

Niliinua kichwa papo hapo. Mpira ulikuwa bado unatembea. Nikachukua begi, nikakimbilia barabarani.