Mutoto Amefika, Miguu Imelegea

Kabla sijasema lolote juu ya pupe, mjue kwamba mimi ni mwanamke mwenye diploma. Niliipata kwa masomo ya jioni, hapa Kasongo, nikiwa tayari na watoto wanne na mgongo unaouma, katika darasa lenye giza kiasi kwamba mwalimu tulimtambua kwa kikohozi chake. Mtu aliyepita huko, ukimwambia jambo fulani ni gumu, anacheka. Basi nilicheka pia siku rafiki yangu wa darasa lile, ambaye sasa anakaa Bukavu, aliponiambia kwamba kukusanya pupe ni kitu cha kujifunza.

Si wale wanasesere wepesi wa sokoni, wanaokatika shingo kabla hujafika nyumbani. Hawa ni pupe wa viungo. Bega, kiwiko, goti, kifundo cha mguu, kila mahali pana kipira cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe chake, na ndani mwili ni mtupu, umepitishwa kamba ya kuvutika inayoshika vyote pamoja. Ukimkunja anakunjika. Ukimkalisha anakaa na kukutazama kama mkaguzi wa shule. Ni mzito na ni baridi kama sahani.

Niliingia huko kwa mlango wa nywele, kwa sababu kazi yangu ni kusuka. Rafiki yangu aliniomba kofia ndogo ya nywele kwa ajili ya pupe wake, nikamtengenezea kwa mabaki ya meshi, zile nywele za bandia, misuko myembamba kama miguu ya siafu. Aliionyesha katika kikundi chao cha simu. Toka siku hiyo sikulala! Kila mwenye pupe, kutoka Lubumbashi mpaka Bujumbura, alitaka kichwa chake kisukwe Kasongo. Mwishowe mama mmoja wa Bukavu, mwenye pupe wengi kuliko viti vya kuwakalisha, akanipa mmoja wa zamani, nami nikamsukia waliobaki.

Kikundi kilinifundisha sheria. Pupe haachwi juani, atageuka rangi ya embe. Hashikwi kwa mikono michafu. Na kubwa kuliko zote: mafuta ni mwiko. Mafuta yanaingia ndani ya ngozi yake na hayatoki mpaka mwisho wa dunia. Kisha wakanifundisha lugha. Pupe, kwao, anaitwa mtoto. Mzigo ukifika, unaandika, "Mtoto amefika," na wote wanakujibu, "Hongera, mama!" hata kama wewe ni baba mwenye ndevu. Sheria nilizishika polepole. Lugha ilinikaa mdomoni siku ileile.

Sasa niwaambie juu ya shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea. Anakaa Wamaza, na kazi yake tangu ujana ni kunyoosha watoto. Kwetu, mtoto akizaliwa anaoshwa kwa maji ya moto, anapakwa mafuta ya mbegu za ngazi, yaani michikichi, halafu mkono unaojua unamvuta kiungo kimoja kimoja, taratibu, mpaka analala. Shangazi alininyoosha mimi, akanyoosha wanangu wote wanne, akanyoosha nusu ya Kabambare. Wale vijana wanaoruka mashimo ya dhahabu kule Salamabila kama mbuzi, miguu ile ni yake.

Lakini siku hizi mama wengi vijana hawamwiti. Wameambiwa kwenye wodi ya uzazi kwamba mtoto havutwi, na mimi sisemi wamekosea. Chupa yake ya mafuta ilikaa tu juu ya kabati. Yeye hakulalamika hata mara moja. Ila kila Jumapili tulipoongea kwa simu, aliuliza:

"Na huko kwenu, hakuna mutoto?"

"Shangazi, miye nimekwisha kufunga duka!"

"Mungu hana kufuli," alijibu, na tulicheka.

Pupe wangu alifika Jumamosi, miguu ikining'inia kama nguo kwenye kamba. Kamba yake ya ndani ilikuwa imezeeka. Kesho yake, shangazi alipopiga simu, mtandao ulikuwa unakuja na kwenda, nami nikapaza sauti mpaka samaki wa Lualaba, kule Nyangwe, nadhani waligeuka:

"Shangazi, mutoto amefika! Kutoka Bukavu! Muzuri kabisa! Ila miguu imelegea, hata kusimama hawezi. Natafuta mutu wa kunisaidia kuivuta!"

Nilisikia "Yo!" moja, kisha mtandao ukafa. Kumbe "kutoka Bukavu" haikufika Wamaza. Yaliyobaki yote yalifika.

Siku chache baadaye pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Nyuma ya motari, yaani dereva wake, kulikuwa na kilima cha matope chenye kuku aliyefungwa miguu. Kilima kilishuka, kikasema kwa sauti ya shangazi:

"Maji ya moto iko?"

"Shangazi! Karibu! Habari ya njia?"

"Njia utaniuliza kesho. Maji ya moto iko?"

Nikakimbia jikoni. Nilifurahi mno: mzee wa umri ule, barabara ile, yote kwa ajili ya kuona pupe wangu! Nyuma yangu nilimsikia mume wangu akimsalimia, "Karibu, mama mukwe," naye akimjibu, "Weye sina maneno na weye. Kunificha jambo kama hili!" Mume wangu alidhani ni uchovu wa safari.

Niliporudi na beseni alikuwa amefungua mzigo wake. Chupa ya mafuta, kitenge kipya, na kikofia cha sufu.

"Umemufikiria mpaka kofia!" nikasema. "Itamufaa, kichwani hana hata unywele mumoja."

"Nywele zitaota. Iko wapi?"

"Kwenye kitanda, nimemufunika."

Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti kando ya kitanda, akafumba macho akaomba kidogo, halafu akafunua kitambaa upande wa miguu tu, kama anavyofanya siku zote ili mtoto asishike baridi. Akachukua unyayo mmoja kiganjani. Mkono ukasimama.

"Iko baridi," alisema.

Akashika na wa pili. Aligeuka kunitazama, na uso ule sitausahau.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo sana, "toka lini iko baridi hivi?"

Hapo ndipo diploma yangu ilipofanya kazi, ikiwa imechelewa. Nilielewa yote kwa mara moja: kofia, maji, maneno kwa mume wangu. Nikamfunua pupe mzima, nikaanza kueleza bila mpangilio: Bukavu, nywele, kikundi, mtoto ambaye si mtoto. Shangazi alimtazama pupe. Pupe alimtazama shangazi. Kwenye sebule mume wangu, aliyekuwa amesikia, alipasuka kwa kicheko ambacho ningekizima kwa mto kama ningekuwa karibu.

"Pupe," alisema shangazi.

"Pupe, shangazi."

"Miye nimekuja kunyoosha pupe."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono yake safi imelala juu ya magoti yenye matope. Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Wanawake walinisindikiza mpaka kwenye pikipiki," alisema. "Waliimba. Yule jirani yangu, mwenye kusema mikono yangu imekwisha, yeye ndiye alitoa kuku." Kisha akauliza, si mimi, nadhani aliuliza lile beseni: "Nitarudi niseme nini?"

Asubuhi alikuwa amefunga mzigo, anangoja motari. Chai hakuigusa. Mimi nilikuwa mezani, nimeamua kwamba pupe huyu atasimama hata kwa nguvu, maana sikuona kitu kingine cha kumpa shangazi yangu. Nilikuwa nimejaribu mpira wa nguo, ule wa kiuno cha sketi: laini mno, pupe alikaa kama mlevi. Sasa nilikuwa nimekata mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Nikaupitisha kwa waya wa gurudumu la baiskeli niliouwekea ndoano, nikavuta kwa meno, nikamsimamisha.

Pupe alipiga teke. Sisemi aliteleza, alipiga teke, kama punda. Kikombe cha chai kikaruka, sukari ikaruka, na goti likamkuta mume wangu kwenye pua alipokuwa ameinama kutazama.

"Yo! Mama mukwe, mutoto wako anapiga watu!"

Mlangoni nilisikia sauti. Shangazi alikuwa ameshika fremu ya mlango, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

"Muzuri," alisema huku akifuta macho. "Muzuri sana. Umupige na ya pili, yule aliyecheka jana!"

Akaja akakaa karibu nami. Alichukua goti la pupe, akaligeuza ndani ya kikombe chake, akasikiliza.

"Hii kamba iko kali. Na ile ingine?"

"Iko laini."

"Basi, weye musukaji wa nywele, kazi yako ni nini?"

Tulitazamana. Nilikimbia kuchukua ule mpira wa nguo, nikakata nyuzi tatu, nikazisuka pamoja kama ninavyosuka nywele za bibi harusi, imara lakini bila kumvuta mtu ngozi. Ikatoka kamba ya mviringo, yenye nguvu ya wastani. Lakini kumfunga pupe kunahitaji mikono minne: miwili ivute kamba, miwili ishike nyonga isirudi ndani. Shangazi alishika. Kidole gumba kwenye nyonga, kiganja chini ya goti, na mdomo wake ukaanza wenyewe yale maneno ya Kibangubangu anayowaambia watoto, ambayo aliniambia na mimi wakati sijui kusikia. Mimi nilivuta ndoano, na mguu ukaingia mahali pake kwa sauti ndogo, tok. Tukafanya wa pili.

Pupe akasimama juu ya meza, kikofia cha sufu kichwani, bila kushikwa na mtu. Motari alipiga honi nje. Hakuna aliyemjibu.

Shangazi alinyoosha mkono kwenye mzigo wake, akatoa chupa. Hakuifungua. Aliiweka tu juu ya meza na kunitazama.

Kichwani mwangu kikundi kizima kilipiga kelele: mafuta ni mwiko!

"Mupake, shangazi," nikasema. "Kazi haijakwisha."

Alimpaka mguu mzima, kutoka kwenye nyonga mpaka kwenye vidole, kisha wa pili, polepole, na motari alingoja. Alipomaliza aliniagiza nimpige picha pupe amesimama, yeye kando yake, mikono yote miwili ionekane vizuri.

"Nitawaambia ukweli," alisema akipanda pikipiki. "Mutoto ni wa kiwanda, lakini miguu ni yangu."

Jumapili iliyofuata, simu yake ilikuja na kelele za wanawake nyuma. Walikuwa bado wanacheka, na kicheko kilichokuwa juu ya vyote kilikuwa chake. Yule jirani, aliniambia, anadai kuku wake arudishwe, kwa sababu mgonjwa hakuwa mtu. "Nimemwambia alete mugonjwa mwingine," alisema shangazi.

Pupe anakaa sebuleni kwangu, na sasa ana wenzake wawili. Mwili wake ni mweupe kama maziwa, ila miguu imegeuka njano, toka nyonga mpaka kwenye vidole. Nikituma picha, mtu mgeni wa kikundi hakosi kuniandikia, kwa huruma kabisa: "Pole, mama, ulimwacha juani?" Nami namjibu kwamba hapana, huyu alinyooshwa.