Mwanamke wa Ukutani

Miaka ya tisini, kuta za chumba chetu kwenye mtaa wa mabanda wa Kabiro tulizibandika magazeti kuzuia baridi. Karibu na mto wa mume wangu kulikuwa na picha ya mzungu na mkewe waliohamia kwenye mashua ya tanga, wakizunguka visiwa vya joto. Kila jioni mume wangu alinisomea maelezo yake, jinsi mama huyo alivyopika kwa stovu moja, akabania maji ya mtungi, akalala hatua moja tu kutoka kwa sufuria.

“Huyo ndiye mwanamke!” alisema jioni moja.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya kitanda, nageuza mboga ya sukuma wiki sufuriani, moshi wa stovu machoni.

“Na mimi je?”

“Yeye aliyachagua mwenyewe maisha hayo.”

Asubuhi iliyofuata nilikoroga gundi ya unga, nikambandika yule mama tangazo la sabuni, likamfunika mwili mzima. Mzungu akabaki na bahari yake, peke yake.