Mlango wa Ndani ya Miwani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Nangurukuru, ambako mabasi husimama, abiria wakala, wakaondoka, na kazi yangu kwa miaka yote imekuwa kuwaangalia wakiondoka. Jiografia niliifaulu kidato cha nne kwa sababu haikunitaka nitoke kwenye dawati.

Kwa hiyo ugonjwa wa Parkinson uliponipata nilidhani tutaelewana. Mkono ukitetemeka, sawa, uji unajikoroga wenyewe. Ila miguu ikaanza kugoma milangoni. Natoka kitandani vizuri, nikifika kizingitini nyayo zinaganda kama zimepigiliwa misumari, kiwiliwili kinaendelea na safari. Nikaanguka, na nikaanguka tena. Binti yangu akaja kutoka Dar es Salaam, akasema ananichukua nikaishi naye huko ghorofani.

Nilimwomba kwanza twende Lindi, hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akisema naweza kuendelea kuishi peke yangu, aniache. Akisema siwezi, nitafunga mzigo bila kununa. Hiyo ya kununa nilidanganya.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Alinipa shikamoo, akanifunga mkanda kiunoni ili anidake nikiyumba, akanivalisha miwani kubwa nyeusi iliyonifunika nusu ya uso. Alieleza kwamba nitaona nyumba ambayo haipo. Nitembee humo, na kompyuta itapima hatua zangu na mahali zinapokwama.

Nikaiona. Sebule, zulia, makochi ya watu wenye nafasi, na mlango ulioachwa nusu wazi. Nikatembea hadi mlangoni, nikasimama, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Nikamsikia mtaalamu akimnong'oneza binti yangu kwamba hapo ndipo miguu inapoganda.

Binti akacheka hadi akakohoa. "Hajaganda, kaka. Anangoja aambiwe karibu. Mama haingii nyumba ya watu hivi hivi."

Mtaalamu akaomba radhi, akafuta kipimo, akaniambia nyumba ile haina mwenyewe, nipite tu. Nikapita. Nikajiona nimeishinda kompyuta.

Mlango wa pili ulikuwa mwembamba zaidi, na hapo miguu ikagoma kwelikweli. Nami, kwa ujanja wangu wote wa kidato cha nne, nikapaza sauti: "Hodi!"

"Karibu, mama," mtaalamu akaitika.

Sikwenda. Akasubiri kidogo, akasema tena taratibu, "Karibu ndani."

Nyayo hazikubanduka. Safari hii binti hakucheka. Nilishukuru kwamba miwani ile imenifunika macho.

Kijana hakuniaibisha. Alibonyeza kitu, na mbele ya kizingiti ukatokea mstari wa kijani sakafuni. Akasema nisiufikirie mlango kabisa, nifikirie kuuvuka mstari, ninyanyue goti kama mtu anayevuka mfereji. Mguu ukanyanyuka. Ukatokea mstari mwingine, nikauvuka na huo. Alituambia ugonjwa huu huharibu ile njia inayomwezesha mtu kutembea bila kufikiri, lakini jicho likipata kitu cha kulenga, huenda ubongo ukapitia njia nyingine. Si dawa, akaonya, na haimsaidii kila mtu. Vidonge nimeze kwa wakati, na mazoezi nisiyakimbie.

Binti akamuuliza moja kwa moja kama naweza kuishi peke yangu.

"Kwa sasa anaweza, mkimchorea mistari kwenye milango. Siku mistari ikishindwa kumsaidia, mrudi."

Hiyo "kwa sasa" niliisikia vizuri. Binti naye aliisikia, maana tulipokaribia nyumbani alishuka dukani, akarudi na kopo dogo la rangi ya kijani. Jioni alipiga magoti kila mlangoni, akachora. Jirani aliyekuja kuchungulia akauliza kama tunafungua uwanja wa netiboli. Kisha binti akanitembeza kutoka chumbani hadi uani, yeye mbele, kinyumenyume, mikono ameitanguliza. Nilivuka mistari yote. Hakunisifu.

Asubuhi alibeba mkoba wake. "Mama, ukianguka hata mara moja, nakuja na gari."

"Njoo na la mizigo," nikamwambia. "Kitanda changu sikiachi."

Akatoka akinyanyua miguu juu kila mlangoni. Nilidhani ananiigiza, nikajiandaa kumsema. Kumbe rangi ilikuwa bado mbichi.